Hatua zako zihesabiwe wapi: mkononi, kiunoni, mfukoni au mguuni?

Siku moja nilishinda nikimsukuma mama kwenye kiti cha magurudumu: kutoka chumba cha vipimo hadi kwa daktari, kutoka kwa daktari hadi dirisha la dawa, kisha tukairudia njia ile ile. Jioni miguu ilikuwa inawaka. Nikaitazama saa yangu ya mazoezi, ikaonyesha hatua chache kuliko siku ninazokaa mezani kutwa. Kesho yake nilibaki nyumbani, nikakanda unga, nikafua na kukunja nguo, na saa hiyo hiyo ikanipongeza kwa kutembea sana.

Saa haikuwa mbovu. Ilikuwa inafanya kazi yake barabara, ila kazi yake siyo ile niliyodhani. Kifaa kilichofungwa mkononi hakiuoni mguu. Kinauona mkono, na kutokana na mkono kinakisia mguu umefanya nini. Kwa hiyo mtu anayetaka kununua kifaa cha kuhesabia hatua, au aliyechoshwa na hesabu za kile alicho nacho, ajiulize kwanza swali ambalo matangazo hayaulizi: siku yangu ikienda, mikono yangu huwa inafanya nini?

Vifaa vyenyewe hufanya kazi hivi. Saa, bangili, simu na vihesabu hatua vya kisasa vya kiunoni kwa kawaida vina kihisi kidogo mno kinachopima mchapuko, yaani jinsi kasi inavyobadilika, katika pande tatu: juu na chini, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Kihisi hupima mara makumi kwa sekunde, kisha programu hutafuta ndani ya vipimo hivyo mdundo unaojirudia. Mtu mzima akitembea kwa mwendo wake wa kawaida hupiga kama hatua 100 hadi 120 kwa dakika, karibu mbili kila sekunde. Programu ikiona mdundo wa namna hiyo, inaandika hatua, isipouona, inaacha. Sasa, mdundo unaofika kiunoni si ule unaofika mkononi. Kila unyayo unapokanyaga, kiuno hupanda na kushuka mara moja. Mkono hubembea mbele na kurudi wakati miguu imekwisha kupiga hatua mbili, na juu ya kubembea huko una shughuli zake nyingine elfu.

Vigezo nilivyotumia

Nimezilinganisha sehemu nne za mwili kwa maswali yale yale. Kifaa kikiwa hapo, ni hatua zipi kinazikosa? Ni zipi kinazizua? Mtu akienda polepole kinafanyaje? Je, ni rahisi kudumu nacho mwilini siku nzima? Na mwisho, kinamfaa nani. Sikuweka bei wala urembo. Vitu hivyo kila mtu ana macho na mfuko wake.

Kigezo cha kudumu nacho nimekipa uzito mkubwa kuliko wengi wanavyokipa. Kifaa sahihi kilichosahauliwa kwenye droo kinahesabu sifuri.

Mkononi: saa au bangili

*Kinachokosa.* Chochote kinachoutuliza mkono huku miguu ikienda. Kusukuma kigari cha mtoto, toroli la dukani au kiti cha magurudumu. Kushika chuma cha pembeni kwenye mashine ya kukimbilia. Kubeba ndoo, kumbeba mtoto aliyelala begani, kuweka mikono mfukoni wakati wa baridi, kutembea ukiwa na mkono uliofungwa bendeji shingoni. Kuna hasara nyingine isiyosemwa sana: vifaa vingi vya mkononi haviandiki hatua ya kwanza papo hapo. Husubiri kuona hatua kadhaa mfululizo ndipo viamini kwamba kweli unatembea, kisha huziongeza zote kwa pamoja. Hiyo ni kinga nzuri dhidi ya mikono isiyotulia, lakini mtu anayeshinda jikoni akienda hatua tatu hadi kwenye sinki, nne hadi kwenye jiko na mbili kurudi, hupoteza sehemu kubwa ya mwendo wake. Amesimama na kuzunguka saa tano, kifaa kinamwona kama aliyekaa.

*Kinachozua.* Kuosha vyombo, kufua kwa mkono, kupiga makofi, kupiga ngoma, kufuma, kupiga mswaki kwa nguvu, kupangusa madirisha, kuendesha gari kwenye barabara yenye mashimo. Kazi yoyote yenye mdundo wa mkono unaokaribia mdundo wa kutembea inaweza kupita kama hatua.

Hapa naomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapodanganyika. Watafiti waliowavalisha watu hao hao vifaa mkononi na kiunoni kwa pamoja walikuta jambo la kushangaza. Kwenye mashine ya kukimbilia ya maabara, kifaa cha mkononi kilihesabu pungufu kuliko cha kiunoni. Katika maisha ya kila siku, kilihesabu zaidi. Ni makosa mawili yanayovutana, moja linapunguza na jingine linaongeza. Siku yako ikiwa na mchanganyiko wa yote mawili, jumla ya jioni inaweza kuonekana ya kuaminika kabisa ingawa karibu kila saa ndani yake ilihesabiwa vibaya. Ndiyo maana jirani anaweza kuapa kwamba saa yake haikosei, wewe unayo aina hiyo hiyo na unaona miujiza. Nyote mnasema kweli. Mikono yenu ndiyo inayotofautiana.

*Mwendo wa polepole.* Ni udhaifu. Mtu akienda chini ya kilomita tatu hivi kwa saa, mkono haubembei sana na mshtuko wa unyayo ni mdogo. Mzee, mjamzito aliyekaribia kujifungua, au mtu anayejifunza kutembea tena baada ya upasuaji anaweza kuvuka ukumbi mzima bila kuongezewa hatua moja.

*Kudumu nacho.* Hapa mkono unawashinda wote. Saa huvaliwa asubuhi na kusahaulika, nyingi huingia majini, wengine hulala nayo. Inapima pia mapigo ya moyo na usingizi, mambo ambayo kifaa cha kiunoni hakiyafanyi.

Kabla ya kuitupa, kagua mipangilio. Programu nyingi huuliza umeivaa mkono upi, ule unaoutumia zaidi au ule mwingine. Ukijibu kinyume, kifaa kinausikiliza mkono wako kwa kipimo kisicho chake. Vaa mkono usiotumia sana, kaza mkanda usichezecheze lakini usibane, na uandike urefu wako kwa usahihi, kwa kuwa umbali usiopimwa kwa setilaiti hupatikana kwa kuzidisha hatua na urefu wa hatua moja. Kosa la hatua linazaa kosa la kilomita, na kosa la kilomita hugusa hata makisio ya kalori. Anayetumia kiti cha magurudumu mwenyewe ajue kwamba tangu 2016 Apple Watch ina mpangilio unaohesabu misukumo ya magurudumu badala ya hatua.

*Inamfaa nani.* Anayetembea mikono ikiwa huru, anayekimbia, anayetaka mapigo ya moyo na usingizi mahali pamoja, na yule anayejijua kwamba kifaa cha kubandika atakisahau.

Kiunoni: kihesabu hatua cha kubana kwenye mkanda

*Kinachokosa.* Siku ambayo nguo haina mahali pa kukibana. Hilo ndilo kosa lake kubwa, na si kosa la hesabu. Vile vya zamani vyenye kijiti cha springi vina tatizo jingine: lazima visimame wima. Tumbo likikisukuma mbele kikalala, springi haichezi vizuri na hatua zinapotea, kwa hiyo kwa mtu mnene ni afadhali vile vya kielektroniki visivyotegemea springi.

*Kinachozua.* Kidogo. Mikono ifue, ifume, ipige ngoma, kiuno hakijui. Mitikisiko ya gari, kuinama na kuinuka, na kujitupa kitini huweza kuongeza hatua chache.

*Mwendo wa polepole.* Aina ya springi huanguka vibaya, maana mshtuko usipofika kiwango fulani kijiti hakisogei. Aina ya kielektroniki ina nafuu, lakini nayo hulegea mtu anapoburuta miguu.

*Kudumu nacho.* Hudondoka chooni, hufuliwa pamoja na suruali, husahaulika kwenye nguo ya jana. Upande mwingine, betri yake hukaa miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, na hakihitaji akaunti wala intaneti. Kibane usawa wa katikati ya paja, wima, kwenye mkanda ulioshika vizuri.

Kuna jambo la kihistoria linalokipa kifaa hiki heshima yake. Lile lengo la hatua 10,000 ambalo saa nyingi humwekea mtu bila kumuuliza lilitoka kiunoni. Mwaka 1965, baada ya Olimpiki za Tokyo za 1964, kampuni moja ya Japani iliuza kihesabu hatua kilichoitwa manpo-kei, maana yake kipima hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la bidhaa kabla ya kuwa ushauri wa afya. Kwa hiyo anayejilaumu kwamba saa imemwonyesha 9,400 anajipima kwa namba iliyozaliwa dukani, kwa kifaa kilichovaliwa mahali pengine.

*Inamfaa nani.* Anayeshinda na kazi za mikono, anayesukuma vigari, anayetaka namba moja tu bila arifa za kumsumbua, na kikundi au mwalimu anayetaka watu wengi wapimwe kwa njia moja.

Mfukoni: simu uliyo nayo tayari

*Kinachokosa.* Kila hatua uliyopiga simu ikiwa mezani, kwenye chaja au juu ya kabati. Kwa mtu wa ofisini ni nyingi: kwenda msalani, kwa mwenzake, kuchukua maji. Nyumbani ni nyingi zaidi. Hapa pia wanawake huonewa na washonaji. Nguo isiyo na mfuko inaipeleka simu kwenye mkoba, na mkoba unaoning'inia una mdundo wake, unaofuata mwili kwa kuchelewa au usiufuate kabisa.

*Kinachozua.* Barabara mbaya, na watoto wanaochezea simu. Zaidi ya hapo ni mwaminifu.

*Mwendo wa polepole.* Mfuko wa mbele wa suruali ni mahali pazuri kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu paja ndilo linalotembea. Mtu anayesukuma kiti cha magurudumu huku simu iko pajani huhesabiwa vizuri ilhali saa yake mkononi imelala. Lakini mwendo wa kuburuta miguu unaipita simu pia.

*Kudumu nayo.* Inategemea wewe na simu yako mna uhusiano gani. Suala la betri halitishi tena. Tangu 2013, mwaka ambao iPhone 5s ilitoka na chipu ya pekee ya kufuatilia mwendo na Android 4.4 ikaleta vihisi vya hatua visivyokula umeme mwingi, simu inaweza kuhesabu kimyakimya siku nzima.

Tahadhari moja. Ukiwa na saa na simu kwa pamoja, angalia programu inaunganishaje hesabu hizo. Programu ya afya ya iPhone hupanga vyanzo kwa kipaumbele ili hatua moja isihesabiwe mara mbili, na unaweza kuubadilisha mpangilio huo mwenyewe. Ukiona jumla imeruka ghafla wiki uliyounganisha kifaa kipya, anza kutafuta hapo.

*Inamfaa nani.* Anayeanza na hataki kununua chochote, anayepima matembezi maalumu ya asubuhi au jioni, na anayesukuma kitu akiwa na mfuko wa mbele.

Mguuni: kifundo cha mguu au kiatu

*Kinachokosa.* Kikifungwa imara, karibu hakikosi. Mguu ndio unaopiga hatua, na kifaa kiko juu yake. Baadhi huhesabu mguu mmoja na kuzidisha kwa mbili, basi mtu anayechechemea hapati hasara kubwa mradi miguu yote miwili inakanyaga kwa zamu.

*Kinachozua.* Kuendesha baiskeli, kwa sababu pedali huzunguka kama hatua, na kuchezesha mguu chini ya meza.

*Mwendo wa polepole.* Hapa hakina mshindani. Vifaa vya kifundo cha mguu vilivyotengenezwa kwa ajili ya watafiti na wahudumu wa viungo ndivyo mara nyingi hutumiwa kama kipimo cha kupimia vifaa vingine, hasa kwa wazee na watu wanaopona.

*Kudumu nacho.* Ndiyo shida. Huonekana, huvutia maswali, hubana kwenye soksi, na cha kiatuni hubaki kiatuni ukitembea peku nyumbani. Wapo wanaoihamishia saa ya kawaida kwenye kifundo cha mguu. Inaweza kusaidia hesabu ya hatua, lakini programu yake ilifundishwa kusikiliza mkono, na usomaji wa mapigo ya moyo mguuni usiutegemee. Jaribu kwanza kabla ya kuamini.

*Inamfaa nani.* Mzee anayetumia fremu ya kutembelea, mgonjwa wa kiharusi anayerudi kwenye miguu yake, mtu aliyepewa na mtaalamu idadi maalumu ya hatua za kufikia. Pia mkimbiaji anayetaka kujua mdundo wake hasa, kwa kihisi cha kiatuni.

Jipime mwenyewe kabla ya kununua kingine

Viwango vya viwanda vya Japani huruhusu kihesabu hatua kikosee si zaidi ya hatua 3 katika 100. Unaweza kukitumia kipimo hicho bila maabara. Andika namba iliyo kwenye kioo, tembea hatua 100 ukizihesabu kwa mdomo, simama, ngoja kama dakika moja ili kifaa kimalize kuandika, kisha soma tena. Fanya hivyo mara tatu kwa mwendo wako wa kawaida, mara tatu polepole, na mara tatu ukisukuma au ukibeba kitu. Halafu kaa kitini dakika kumi ukifanya kazi ya mikono unayoifanya kila siku, uone umezawadiwa hatua ngapi. Zoezi hili halimalizi saa moja, na litakwambia kuhusu mikono yako mambo ambayo hakuna tathmini ya mtu mwingine inayoweza kukwambia, hata hii.

Kwa hali yako

Kama siku yako ni ya mezani na mazoezi yako ni matembezi au mbio mikono ikiwa huru, saa ya mkononi inatosha. Makosa yake hayatakugharimu kitu.

Kama wewe ni mpishi, fundi, dobi au mlezi wa mtoto mchanga, fikiria kiuno au mfuko wa mbele. Ukiipenda saa kwa ajili ya moyo na usingizi, iache iendelee na hayo, hatua uzisome kwingine.

Kama kuna mashindano ya hatua kazini, ombeni wote mpimwe sehemu moja ya mwili. Kumshindanisha mwenye saa na mwenye simu mezani hakuna haki.

Kama unachotaka ni kujua iwapo umeongeza mwendo kuliko mwezi uliopita, usahihi kamili si lazima. Kifaa kinachokosea kwa namna ile ile kila siku bado kinaonyesha mwelekeo. Usibadilishe mkono, mpangilio wala kifaa katikati ya safari, na linganisha wiki na wiki, siyo siku na siku.

Kama anayepimwa ni mzee au mgonjwa, na namba itatumika kuamua matibabu, usitegemee mkono. Zungumza na mhudumu wake kuhusu kifaa cha mguuni, au mhesabu dakika alizosimama na kutembea. Mzazi aliyevuka ukumbi kwa jasho halafu akaonyeshwa sifuri huvunjika moyo, na hilo ni dhara halisi.

Na kama tayari una saa na huna mpango wa kununua kitu kingine, ivue mkononi saa zile unazosukuma kitu na uitie mfuko wa mbele wa suruali, au ndani ya soksi. Ikishindikana, tumia dakika: mtu mzima anayetembea kwa mwendo wa wastani hupiga takriban hatua 100 kwa dakika, kwa hiyo dakika 40 za kusukuma kiti ni kama hatua 4,000, punguza kidogo ukijua mlisimama njiani. Mimi siku hizi nikimpeleka mama kliniki, saa huwa mfukoni kuanzia lango la kuingilia.